Ulimwengu Unatanuka, Galaksi Zinakusanyika

Julai 11, 2022, Rais Joe Biden wa Marekani alitoa hadharani picha ya kwanza ya rangi iliyopigwa na darubini ya anga ya James Webb. Wengi walioitazama kwenye simu zao walidhani wanaona nyota. Karibu kila doa katika picha ile ni galaksi nzima, yenye mabilioni ya nyota ndani yake, na madoa meupe yaliyojazana katikati ni ya kundi moja la galaksi liitwalo SMACS 0723, ambalo mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 4.6 kabla ya kutufikia. Haukupita muda mitandao ikajaa madai kwamba Webb imeizika nadharia ya Mlipuko Mkuu, eti kwa sababu galaksi za zamani zilizoonekana ni kubwa mno na zimekomaa mapema mno. Humo humo likaibuka tena swali ambalo walimu wa fizikia wamelizoea: kama ulimwengu unatanuka na galaksi zinakimbiana, hizi zimekusanyika vipi?

Swali hilo lina maana zaidi kuliko madai yaliyolitangulia. Tatizo ni kwamba majibu yake mengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni jinsi makundi ya galaksi yanavyojengeka, hatua kwa hatua. La pili ni kitu gani hasa kinachovuta. Katika la kwanza wanasayansi wamefikia makubaliano baada ya ubishi mkali wa miaka ya 1970 na 1980. Katika la pili bado wanavutana, na ushahidi wa makundi ya galaksi unauma zaidi kuliko ule wa galaksi moja moja.

Kinachotanuka na kilichogoma

Edwin Hubble alipochapisha vipimo vyake mwaka 1929, alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Wengi huchukulia kwamba kila kitu basi kinavimba. Sivyo. Dunia haivimbi, mfumo wa Jua hauvimbi, wala Njia Nyeupe, galaksi tunayoishi. Jirani yetu mkubwa, Andromeda, aliye umbali wa miakanuru milioni 2.5, anatujia kwa kasi ya takriban kilomita 110 kwa sekunde. Kutanuka kunatawala pale tu ambapo maada ni chache kiasi kwamba mvutano wake hauwezi kukuzuia.

Chukua eneo ambalo tangu mwanzo lilikuwa na maada zaidi kidogo kuliko wastani. Nalo hutanuka pamoja na ulimwengu, ila kwa kusuasua, maana uzito wake wenyewe unalirudisha nyuma. Maeneo jirani yanapozidi kukonda, lenyewe linabaki zito kuliko yote, na breki yake inazidi kushika. Hufika wakati likasimama kabisa, kisha likaanza kujiangukia. Kwa mujibu wa hesabu, mwishowe hutulia likiwa na msongamano wa takriban mara 200 ya wastani wa ulimwengu. Hapo kundi limekamilika: mamia au maelfu ya galaksi zinazokimbia huku na huko kwa kasi kubwa, na hakuna inayoweza kutoroka.

Makundi haya ndiyo vitu vikubwa kuliko vyote vilivyofikia hatua hiyo ya kutulia. Uzito wake ni kati ya trilioni 100 na trilioni 1,000 za Jua letu, na upana wake ni miakanuru milioni kadhaa. Kundi kubwa lililo karibu nasi ni la Virgo, miakanuru milioni 54 hivi kutoka hapa, upande wa kundinyota ya Mashuke. (Kundinyota ni jambo jingine kabisa: ni nyota za jirani zinazoonekana pamoja kwa macho yetu tu.) Usiku wa Aprili na Mei, Mashuke hupita karibu na utosi kwa mtu aliye Nairobi au Dodoma. Kwa macho matupu galaksi zile hazionekani, lakini darubini ndogo ya nyumbani huonyesha vidoa kadhaa vya ukungu. Kimojawapo ni M87, galaksi ambayo shimo jeusi lake lilikuwa la kwanza kupigwa picha, ile iliyotolewa Aprili 10, 2019.

Hesabu isiyotosha

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wakiwa New Jersey, walitangaza kunasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga. Ni mwanga wa kale uliofunguliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ambao kwa kutanuka kwa ulimwengu umenyooshwa hadi kuwa mawimbi ya mikrowevu. Mwanga huo unalingana karibu sawasawa kila upande. Tofauti zilizomo, zilizotangazwa mwaka 1992 kutokana na vipimo vya setelaiti ya COBE, ni za takriban sehemu moja kwa laki moja.

Sasa tupige hesabu. Tangu wakati ule ulimwengu umenyooka kama mara 1,100. Tofauti ndogo za msongamano, zikiachiwa kukua bila kizuizi, hukua sambamba na kunyooka huko. Zidisha moja kwa laki moja mara 1,100: unapata kama moja kwa mia. Maana yake ni kwamba leo, miaka bilioni 13.8 tangu mwanzo, sehemu nzito kuliko zote ingekuwa inazidi wastani kwa asilimia moja tu. Kwa asilimia moja hupati kundi la Virgo, wala galaksi, wala mtu wa kuuliza swali lenyewe.

Hesabu hiyo inashinda kila hoja nyingine katika mjadala huu, na inashangaza kwamba makala nyingi huiruka na kukimbilia galaksi zinavyozunguka. Kabla ya miaka ile 380,000, atomu zilikuwa zimevunjikavunjika katika chembe zenye chaji, na mwanga ulizisukuma kila zilipojaribu kukusanyika. Maada ya kawaida ilikuwa imefungwa mikono. Ili galaksi zipatikane, panahitajika kitu kisichogusana na mwanga, chenye uzito, kilichoanza kujikusanya mapema. Mwanga ulipoziachia atomu, zikaporomokea katika mabonde ya mvutano yaliyokwisha chimbwa. Kitu hicho ndicho kinachoitwa maada ya giza. Bado hakuna maabara iliyokamata hata chembe yake moja.

Moscow na Princeton

Tukubali kwa sasa kwamba maada hiyo ipo. Je, ilitangulia kujenga vitu vikubwa au vidogo?

Jibu la Moscow lilikuwa vikubwa. Yakov Zeldovich alionyesha mwaka 1970 kwamba wingu kubwa la maada haliporomoki sawasawa pande zote. Huporomoka kwanza kwenye upande wake mfupi na kuwa bapa. Kwa maoni yake na ya wenzake, mabapa makubwa yenye uzito wa makundi mazima yalitangulia, kisha yakapasuka na kutoa galaksi. Jibu la Princeton, alikokuwa Jim Peebles, lilikuwa kinyume: vijigalaksi vidogo vilitangulia, vikaungana kuwa galaksi, galaksi zikakusanyika kuwa makundi, na makundi ndiyo yaliyochelewa kuliko yote.

Kwa miaka michache Moscow ilionekana kuelekea ushindi. Mwaka 1980 maabara moja ya huko ilitangaza kwamba nyutrino, chembe nyepesi ajabu iliyojaa kila mahali, ina uzito wa kiasi cha elektronivolti 30. Uzito huo ungetosha kuifanya nyutrino ndiyo maada ya giza. Kwa kuwa nyutrino hukimbia karibu na kasi ya mwanga, zingefuta vivimbe vyote vidogo vya msongamano na kuacha vikubwa tu, sawasawa na alivyotaka Zeldovich. Tena ramani zilimuunga mkono. Katika mkutano wa Tallinn wa 1977, Jaan Einasto na wenzake kutoka Estonia walionyesha galaksi zikiwa zimepangika kwenye minyororo na kuta zinazozunguka maeneo matupu. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichapisha kipande cha ramani chenye galaksi takriban 1,100, na picha ilikuwa ile ile: kuta nyembamba, mapengo makubwa.

Lakini tarehe zilikataa. Kama makundi yalitangulia, galaksi zingepaswa kuwa changa kuliko makundi. Ushahidi unasema kinyume: galaksi nyingi ni kongwe, ilhali makundi mengi bado yanajengwa. Virgo yenyewe haijatulia, ina vikundi kadhaa vinavyoendelea kuangukiana. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliuigiza kwenye kompyuta ulimwengu uliojaa nyutrino, wakaona galaksi zinarundikana kupita kiasi kuliko zilivyo angani, isipokuwa ukubali kwamba zilianza kuzaliwa juzi juzi tu. Kipimo cha 1980 nacho hakikuthibitishwa. Leo mtambo wa KATRIN ulioko Karlsruhe, Ujerumani, umeushusha ukomo wa uzito wa nyutrino chini ya elektronivolti 0.45.

Nafasi ikachukuliwa na maada ya giza iliyo baridi, yaani yenye chembe zinazokwenda polepole, ambazo hazifuti vivimbe vidogo. Hapo Princeton ikashinda kuhusu mpangilio. Kwa upande wa umbo, mambo yalienda vingine, na vitabu vya shule huwa havisemi hivyo. Uigaji wa kompyuta wa maada baridi nao ulitoa kuta, nyuzi na mapengo. Ule wa Millennium wa mwaka 2005, uliofanyiwa Garching, Ujerumani, kwa chembe bilioni 10, ulionyesha utando wa nyuzi ulioenea kote, na makundi makubwa yakiwa kwenye mafundo ambako nyuzi hukutana. Zeldovich alikuwa sahihi kwamba mvutano hubapa kwanza, kisha huvuta bapa kuwa uzi, kisha uzi humiminia maada yake kwenye fundo. Alichokosea ni nani anatangulia. Kwa hiyo ramani za Tallinn, zilizodhaniwa ushahidi wa upande mmoja, ziliwafaa wote wawili, na ndiyo maana ubishi ulichukua muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Na Webb? Mwaka 2023 darubini hiyo ilithibitisha galaksi saba zilizo karibukaribu, nyuma ya kundi la Abell 2744, zikionekana kama zilivyokuwa miaka milioni 650 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Watafiti wanakadiria kwamba mahali pale leo pana kundi zito kama la Coma, tutakalolifikia baadaye. Ni galaksi saba, si elfu moja: kiini cha kundi, ambalo bado lina mabilioni ya miaka ya kukua. Baadhi ya galaksi za mapema zinazong'aa kupita matarajio zimewalazimisha wanasayansi kufikiri upya nyota zilivyozaliwa haraka wakati ule, na hilo ni jambo zito. Kusema kwamba limeangusha Mlipuko Mkuu ni kuruka maili nyingi.

Makundi nayo hutafutana

Mwaka 1958 George Abell alichapisha orodha ya makundi 2,712 aliyoyasaka kwa jicho kwenye bamba za picha za Palomar, California. Orodha hiyo ilipochambuliwa kwa takwimu, hasa na Neta Bahcall na Raymond Soneira mwaka 1983, ilileta kitendawili. Makundi nayo hukusanyika, na hukusanyika kwa nguvu kuliko galaksi zinavyofanya. Kama mvutano ni ule ule na maada ni ile ile, kwa nini vitu vizito vipendane zaidi?

Jibu lilitoka kwa Nick Kaiser mwaka 1984, na mtu wa pwani atalielewa upesi. Wakati wa maji mafu, mawimbi hupiga ukingo wa bahari na kurudi. Wakati wa bamvua, mawimbi yale yale, bila kuongezeka nguvu, huruka ukingo na kumwagika barabarani, tena moja baada ya jingine, kwa kuwa bahari yenyewe imeinuka. Ukihesabu tu mawimbi yaliyoruka ukingo, utayakuta yamefuatana ndani ya saa chache, na siku nyingine hakuna hata moja. Makundi ndiyo yaliyoruka ukingo. Ni vivimbe vilivyozidi kiwango fulani cha msongamano, na kiwango hicho hufikiwa kwa wepesi pale ambapo eneo zima, la mamia ya mamilioni ya miakanuru, tayari limeinuka kidogo. Hakuna nguvu ya ziada inayoyavuta makundi yaambatane. Yamezaliwa katika mtaa mmoja uliobahatika.

Jibu hilo linafafanua kinachoitwa makundi makuu, yaani makundi ya makundi, na pia mipaka yake. Mwaka 2014 Brent Tully wa Chuo Kikuu cha Hawaii na wenzake walichora Laniakea, eneo la upana wa miakanuru takriban milioni 520 lenye galaksi kubwa kama 100,000, ikiwemo yetu. Picha yake ni ya kupendeza na imesambaa sana, na imepotosha sana vilevile. Watu huisoma kama kitu kimoja kilichoshikamana. Laniakea haijashikamana. Virgo inatuvuta, ndiyo, na mvuto huo unapunguza kasi ya sisi kuachana. Hata hivyo bado tunaachana nayo kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Tangu 1998, ilipogundulika kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi kutokana na kinachoitwa nishati ya giza, imeeleweka kwamba sehemu kubwa ya makundi makuu hayatawahi kujiangukia. Yalichelewa.

Wapo wanaodai kuna vitu vikubwa zaidi. Alexia Lopez wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, na wenzake walitangaza mwaka 2021 upinde wa galaksi wenye urefu wa miakanuru bilioni 3.3, na mwaka 2024 duara lenye kipenyo cha miakanuru bilioni 1.3. Kama ni miundo halisi, inagusa msingi wa kosmolojia nzima, yaani dhana kwamba ukitazama kwa upana wa kutosha ulimwengu ni sawa kila mahali. Nguvu ya madai hayo ni kwamba vitu hivyo vimeonekana zaidi ya kimoja, tena kimoja si mbali na kingine angani. Udhaifu wake ni wa kitakwimu. Ukiwa na vidoa vichache vilivyotawanyika mbalimbali, jicho na hata programu ya kompyuta huviunganisha kuwa minyororo mirefu, na wachambuzi wengine wamepata minyororo ya namna hiyo ndani ya data ya kubahatisha iliyotengenezwa na kompyuta. Mpaka pale duara lile litakapoonekana tena kwa aina nyingine ya vipimo, busara ni kuliweka pembeni bila kulicheka.

Ni nani anayevuta?

Hapa ndipo ubishi wa leo ulipo, na ulianza zamani. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mtaalamu mwenye asili ya Uswisi aliyefanya kazi California, alichambua kasi za galaksi katika kundi la Coma, lililo umbali wa miakanuru milioni 320 hivi kwa vipimo vya leo. Zilikuwa zikienda ovyo kwa tofauti za takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, kundi lingekuwa limesambaratika zamani. Zwicky akakadiria kwamba kunahitajika uzito wa mara 400 ya ule unaong'aa. Namba hiyo ilivimba karibu mara nane kwa sababu umbali uliotumika wakati ule ulikuwa mdogo mno, na pia hakujua kuhusu gesi. Hata ukirekebisha yote hayo, pengo halifungiki.

Habari ya gesi ilifunguliwa na chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Kenya. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setelaiti ya Marekani ya kilo 140 hivi. Ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Pwani hiyo ilichaguliwa kwa faida ya kifizikia: roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa Dunia, na setelaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zinazochafua vipimo vya eksirei. Uhuru ilikuwa setelaiti ya kwanza iliyojitolea kwa kazi hiyo tu. Kikosi cha Riccardo Giacconi, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya 2002, kilikuta Virgo, Coma na kundi la Perseus yakitoa eksirei, na zilitoka katika eneo pana, si katika nukta moja. Maelezo yakawa gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaza nafasi kati ya galaksi. Katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi zake.

Kwa hiyo ukiuliza kundi la galaksi limetengenezwa na nini, galaksi ndizo sehemu ndogo kuliko zote: asilimia chache. Gesi ni kama asilimia 12, na takriban asilimia 85 iliyobaki ni kile kisichoonekana.

Au hakipo. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza kwamba maada ya giza ni jina la kosa letu: sheria ya mvutano ya Newton hubadilika pale mchapuko unapokuwa mdogo kupita kiasi. Pendekezo hilo, linalojulikana kwa kifupi cha MOND, halistahili dharau linayopewa mara nyingi. Kwa galaksi moja moja linatabiri kasi ya mzunguko kutokana na maada inayoonekana peke yake, tena kwa usahihi ambao wafuasi wa maada ya giza hulazimika kuufikia kwa kurekebisha mambo mengi baada ya tukio.

Linapofika kwenye makundi, linakwama. Hata kwa sheria ya Milgrom, makundi bado yanadai uzito wa takriban mara mbili ya unaoonekana. Baadhi ya watetezi wake huongeza nyutrino za aina mpya ili kuziba pengo, yaani wanarudisha maada ya giza kupitia mlango wa nyuma. Kisha kuna Kundi la Risasi, lililo karibu miakanuru bilioni 4 upande wa kusini wa anga, katika kundinyota ya Mkuku. Hapo makundi mawili yamegongana na kupitana. Gesi zao ziligongana zikabaki nyuma katikati. Galaksi zikapita bila kugusana. Mwaka 2006 watafiti walipima mahali uzito ulipo kwa kuangalia jinsi mvutano ulivyopinda mwanga wa galaksi za nyuma. Uzito mwingi ulikuwa umefuatana na galaksi, mbali na gesi, ingawa gesi ndiyo nzito kati ya vinavyoonekana. Ni vigumu sheria yoyote ya mvutano kuhamisha kitovu cha mvuto mbali na maada inayovuta.

Upande wa pili wamejibu kwa kundi la El Gordo, ambalo nalo ni ajali ya makundi mawili, lililotangazwa mwaka 2012. Mwaka 2021 Elena Asencio, Indranil Banik na Pavel Kroupa walidai kwamba kundi zito kiasi hicho, likigongana kwa kasi ile na mapema vile, halingeweza kutokea katika ulimwengu wa maada baridi. Hoja ni ya haki. Inategemea, hata hivyo, makadirio ya uzito wa El Gordo na kasi ya mgongano wake, na namba hizo mbili zimekuwa zikirekebishwa kila darubini mpya inapotazama.

Mizani yenyewe

Udhaifu huo unawahusu wote. Kundi la galaksi hupimwa uzito kwa njia tatu: kasi ya galaksi zake, joto la gesi yake, na jinsi linavyopinda mwanga. Njia ya gesi ni nafuu na hufika mbali, lakini inachukulia kwamba gesi imetulia. Kupinda kwa mwanga hakuchukulii hivyo, ila huchanganya uzito wa kundi na wa chochote kilichopo njiani.

Uzito huo una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu idadi ya makundi mazito hubadilika ghafla ukibadilisha kidogo tu kiasi cha maada katika ulimwengu au ukubwa wa vivimbe vya mwanzo. Mwaka 2013 kikosi cha setelaiti ya Planck kilihesabu makundi 189 yaliyoacha alama kwenye mnururisho wa kale, kikapata machache kuliko mnururisho huo wenyewe ulivyotabiri. Wengine wakasema nyutrino ni nzito, wengine wakatangaza fizikia mpya. Njia ya tatu ilikuwa kukubali kwamba gesi hupunja uzito kwa takriban asilimia 40, badala ya 20 iliyokuwa imechukuliwa. Kwa miaka kumi hivi ikawa vuta nikuvute, huku tafiti kadhaa za kupinda kwa mwanga nazo zikitoa ulimwengu wenye vivimbe vidogo kidogo kuliko ulivyotarajiwa.

Februari 2024 yalitoka matokeo ya eROSITA, darubini ya Ujerumani iliyorushwa Julai 2019 ndani ya chombo cha Urusi na kuzimwa Februari 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Katika nusu ya anga ilipata makundi 12,247. Kutokana na 5,259 kati yake, yakipimwa uzito kwa msaada wa kupinda kwa mwanga, jibu lilikubaliana na la Planck. Mwaka 2025 utafiti wa KiDS, mmojawapo wa tafiti hizo za kupinda kwa mwanga zilizokuwa zikitofautiana, nao ulisogea upande huo baada ya kukamilisha data yake. Ufa uliotangazwa kuwa fizikia mpya unaelekea kuwa tatizo la mizani.

Pa kusimama

Kuhusu ujenzi, hakuna sababu ya kurudi Moscow. Vidogo hutangulia, vikubwa hufuata, na makundi ya galaksi ndiyo ya mwisho mstarini. Kuhusu anayevuta, maada ya giza baridi inaongoza kwa sababu inajibu kwa pamoja maswali matatu ambayo wapinzani hujibu moja moja: ile asilimia moja isiyotosha, uzito wa Coma, na Kundi la Risasi. Haiongozi kwa sababu imeonekana. Kadiri miaka inavyopita bila chembe yake kukamatwa, deni lake linakua, na mtu anayeifundisha kama jambo lililokwisha anawapunja wanafunzi. MOND nayo imebaki na siri ya galaksi moja moja ambayo mshindi hajaieleza kwa ufasaha.

Lililobaki wazi kabisa ni hatima ya makundi makuu. Kama nishati ya giza haibadiliki, ujenzi unakaribia kufungwa: makundi yaliyopo yatamalizia kumeza majirani wa karibu, na mengine yote yatatengana milele. Lakini vipimo vya mtambo wa DESI huko Arizona, vilivyotolewa 2024 na kuongezewa uzito Machi 2025, vina dalili kwamba nishati hiyo inapungua nguvu kadiri muda unavyokwenda. Dalili hizo hazijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi. Darubini ya anga ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na ile ya Rubin nchini Chile zitahesabu makundi mengi mno katika enzi mbalimbali, na mwendo wa idadi hiyo ndio utakaoonyesha kama breki za mvutano zimelegea moja kwa moja au kama Laniakea bado ina nafasi.